Tulivyomtangaza Odhis kwenye mazishi yake mwenyewe

Wakuu, salamu kutoka hapa Kisumu. Tangu asubuhi nimeshika simu, nafuta na kuandika tena, lakini hii stori lazima itoke. Sitatia chumvi. Chumvi ilikuwa kazi ya Odhis, na Odhis tumemzika Jumamosi.

Kwa wale hamkumjua: Odhis alikuwa mtangazaji wa mpira wetu wa mtaa pale Kaloleni.

Hakuna redio ilimwajiri. Alikuwa na kipaza sauti cha betri, kimefungwa na mpira wa tyubu kisifunguke, na mdomo ambao, yawa, haukuwa na breki.

Watu arobaini uwanjani, yeye anatangaza ni kama dunia nzima inatazama! Na sisi watu wa ziwa mnatujua, kusifiwa tunapenda. Kila mchezaji alimpa jina la sifa. Mimi ni beki, kukimbia si sana, akaniita Nguzo ya Stima. Nilinuna wiki nzima. Baadaye nikaanza kutembea nalo kifua mbele.

Goli likiingia ndiyo balaa. "Funga soko! Wamama, pelekeni samaki nyumbani!" Na wamama wa samaki kando ya uwanja wanapiga vigelegele, hata wale hawajui nani amefunga.

Mtu mmoja tu hakuchekeshwa. Babake.

Mzee ni mwalimu mstaafu, yule wa kunyoosha kola hata akienda shambani. Kwake hiyo yote ilikuwa kelele. Aliwahi kukifungia kile kipaza sauti kwa kabati mwezi mzima. Odhis akatangaza na viganja mdomoni, sauti ikamkauka, hakuacha.

Basi akaugua. Siku nne tu, akaenda. Hata saa hii naandika sioni kama ni kweli.

Mazishi yalikuwa kwao, nje kidogo ya Awasi. Marafiki tukapewa dakika tano, msemaji mimi. Na hapo wakuu tukafanya ujinga wa mwaka.

Kamati yetu ya WhatsApp ilikuwa inamwogopa Mzee. Tukatoa speech kwa mtandao, tukabadilisha jina, tukaprint. Safi kabisa.

Nikasimama mbele ya jeneza, tai imenibana, nikaanza. Marehemu alikuwa mpole. Marehemu alipenda kusoma na kutunza bustani. Marehemu alikuwa mtu wa maneno machache.

Maneno machache! Odhis!

Wenzangu wanaangalia viatu. Halafu mamake, ambaye tangu asubuhi hajasema neno, akaniuliza pale alipoketi, "Nyathina, mtoto wangu, huyo unasoma ni nani?"

Nikageuza karatasi, ni kama jibu liko nyuma.

"Mimi nimekuja kumzika Odhis," akasema. "Huyo wa bustani simjui."

Wakuu, niliona aibu, acha tu. Ni kama tulikuwa karibu kumpeleka mtoto wa mtu ardhini kwa jina la mgeni. Nikakunja ile karatasi, nikaitia mfukoni, nikashika mic kwa mikono miwili. Sijui nguvu ilitoka wapi.

"Na mpira unaanzaaa!"

Nikamtangaza! Ile fainali yetu na vijana wa Milimani, wale walikuja na magari yakazunguka uwanja mzima. Nikaitangaza vile yeye aliitangaza, mpaka pale aliponitukana mimi mwenyewe: "Nguzo ya Stima anapata mpira, anatafuta njia, njia hakuna, anarudi nyuma ni kama amesahau funguo za nyumba!"

Tenti ikalipuka. Wamama wa Kaloleni wamesimama, leso hewani. Wenzangu wanapokezana, mmoja anaongeza pasi, mwingine kona. Mama analia na kucheka pamoja, anapiga makofi, anasema, "Ndiyo huyo! Ndiyo huyo wangu!"

Nikafika mwisho. "Na mechi imekwisha, Kaloleni mbili, Milimani moja!"

Mzee akasimama.

Makofi yakakatika. MC akanyoosha mkono kuchukua mic, mimi nikajua nimemaliza urafiki na hii boma. Mzee akarekebisha kola.

"Hapana," akasema. "Ilikuwa tatu kwa moja. Ya tatu iliingia dakika ya mwisho, ninyi mkavamia uwanja kabla haijahesabiwa. Nilikuwepo. Nilisimama nyuma ya vibanda vya samaki."

Kelele iliyotoka hapo, omera! Hata pasta alirusha mikono juu. Mzee akaketi, akafunika uso na kofia.

Tulipomaliza kuzika alinivuta kando. Akaniambia hakuwahi kukosa mechi ya Jumapili, siku zote nyuma ya vibanda. Halafu akaniuliza swali moja, polepole.

"Odhis alijua?"

Wakuu, nilitamani sana kudanganya. Nikamwambia hapana, Mzee. Hakujua. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kuaga wageni.

Nimejifunza mawili. Ukimzika mtu, mzike yeye, si mtu wa mtandao. Na kama unampenda akiwa hai, toka nyuma ya kibanda, simama mahali anakuona.

Pole zenu tumepokea, familia wanasoma hapa. Lakini msiandike RIP mkaenda. Wewe uliyecheza Kaloleni, Odhis alikuita nani? Andika hapo chini. Mzee ameniomba nimsomee yote.