Fundi Sura

Kaka yangu ndiye mpiga picha wa mtaa, na watu walimbandika jina la Fundi Sura kwa sababu hakuna chunusi iliyowahi kutoka salama studioni kwake. Mimi kazi yangu ni kuchapa na kukata. Namjua vizuri: mkarimu, mcheshi, na akishaamini jambo, humwambii kitu.

Asubuhi hiyo aliingia dada mmoja mwenye ualbino, kofia pana kichwani, macho yamevimba kwa kulia. Mama yake, aliyekuwa na ualbino kama yeye, angezikwa saa tisa. Marehemu hakupenda kamera. Alipigwa picha mara moja tu, hapa kwetu, kwa ajili ya kitambulisho cha kazi. Binti aliomba ile ikuzwe, iwekwe mbele ya jeneza.

Nikachapa. Akaitazama, akairudisha mezani kifudifudi.

"Hii ndiyo aliyoichana mama. Nataka ile ya kabla hamjamgusa."

Nikaigeuza. Nilikuwa nimeichapa bila hata kuiangalia, Mungu anisamehe. Mwanamke mweusi tii, nywele za wino, nyusi za kuchora.

"Lakini dada yangu," Kaka akasema huku akitabasamu, "sikumtoza hata senti. Nilimpendezesha tu."

"Kwani alikwambia hapendezi?"

Kaka akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetafuta mlango. Dada akanyoosha kidole ukutani, kwenye picha kubwa ya Kaka na kovu lake la shavuni.

"Na hilo mbona hukulifuta?"

"Hili? Si ndiyo sura yangu?"

Alijibu upesi, kabla hajafikiri. Kisha tabasamu likamtoka. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumrekebisha yeye. Wala mimi.

Akageukia kompyuta kutafuta ile ya mwanzo. Folda ilifunguka, na jina lake tukalisoma sote watatu: ZERUZERU. Nilitamani ardhi inimeze. Neno hilo tulilisema dukani kila siku, kama tunavyosema karatasi.

"Hilo nilikuwa nikitupiwa pamoja na mawe," dada akasema polepole, "nikienda shule."

Kaka hakugeuka. Alifungua picha moja baada ya nyingine. Watu arobaini na mmoja wenye ualbino, wote amewafanya weusi tii. Kila mara alikuwa amehifadhi kazi yake juu ya picha ya mwanzo, ili kompyuta isijae.

"Haipo," akasema.

"Kwa hiyo uso wa mama yangu haupo popote."

Hakupiga kelele. Afadhali angetutukana.

Saa tisa tulienda kuzika. Mbele ya jeneza palisimamishwa fremu tupu. Bibi mmoja akauliza kwa sauti, jamani, mbona marehemu hana picha? Watu wakatazamana. Nyuma yangu nikasikia sauti ya Kaka, imekauka:

"Niliifuta mimi."