Kalisti, Ngazi ya Timu

Mwaka 1994 mpira wetu ulikuwa wa ridhaa, maana yake viongozi walikula kwa ridhaa ya wachezaji. Kalisti wa Ushirombo, beki mrefu kama nguzo ya simu, alikuwa mmoja wa wachache walioonjeshwa. Bwana Januari, mnunuzi wa almasi wa Maganzo na mwenyekiti wa timu ya Radi, alimpangia nyumba Ngokolo na kumlipa kila mwezi. Timu moja ya Dar ilishamtuma mtu kumtazama. Mkewe, Febronia, alianza kuulizia wanunuzi wa kuku wake, maana Dar huwezi kuhamia na matetea.

Radi ilikuwa na kamati ya ufundi. Msidanganywe na jina. Fundi wake alikuwa mganga wa Samuye, na ufundi wenyewe ulikuwa huu: wapinzani wametega dawa kwenye geti la uwanja, kwa hiyo timu ipite ukutani, na akishatua ndani mtu asigeuke nyuma. Akigeuka, kinga inakufa.

Nani awapandishe? Mrefu. Siku ya mechi Kalisti aliinama, wenzake wakamkanyaga mgongoni mmoja mmoja. Walivua njumu kwanza, tusiwasingizie. Wa mwisho alikuwa Evance, mshambuliaji, mwenzake wa chumba kambini.

"Ukifika ng'ambo nisubiri unidake, kaka."

"We ruka tu, nipo!"

Kalisti akajivuta juu peke yake, akaruka. Evance hakuwepo. Alikuwa anaelekea vyumba vya wachezaji, shingo imenyooka kama askari wa gwaride. Kalisti alitua kwa mgongo juu ya tofali, akatoa ukelele uliosikika mpaka kwa wauza karanga wa nje. Timu nzima ikaendelea kutembea. Kinga isije ikafa!

Radi ilishinda bao moja, la Evance. Wauza karanga ndio waliompeleka Kalisti hospitali, kwa mkokoteni.

Daktari akasema uti wa mgongo umeumia. Mpira basi, ila akiwahishwa Mwanza huenda akatembea kwa magongo. Kanuni ya klabu ilikuwa wazi: anayeumia kazini hutibiwa na kuendelea kulipwa. Tatizo moja tu. Kukiri kwamba kaumia ukutani ni kukiri kwamba timu iliruka ukuta, na chama cha mkoa kilikuwa kimeapa kuishusha daraja timu yoyote ya warukaji.

Kikao kikaitwa. Januari akasema kwa sauti ya upole, ile ya kumpunja mtu almasi yake:

"Wanangu, sisi tulipita getini. Kuna aliyemwona Kalisti akianguka?"

"Sikuona," akasema kipa. "Sikuona," wakafuata mabeki. Zamu ya Evance ilipofika, Febronia, aliyekuja badala ya mumewe, akasimama.

"Shemeji, umekula sana ugali wangu. Sema."

"Haki ya Mungu, shemeji, sikuona."

Na hakudanganya! Hakuna aliyeona, maana hakuna aliyegeuka.

"Hukuona," Febronia akasema. "Na masikio je, mganga aliyakataza nayo?"

Kikao kikafungwa. Taarifa ikasema Kalisti alianguka kwenye mwembe wa watu. Wa Dar hakurudi. Nyumba ya Ngokolo akapewa beki mpya, mrefu. Kuku wakauzwa, lakini nauli ikawa ya Mwanza.

Kalisti aliporudi na magongo mawili, klabu ikaona huruma, ikamweka getini kuchana tiketi. Msimu mpya, kamisaa wa mechi akamjia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Radi wameshapita hapa?"

Kule nyuma miguu ilikuwa inatua: puu, puu, puu.

"Sikuwaona, mzee."

"Mbona naambiwa wako ndani?"

"Waulize wao. Mimi naona geti tu."

Radi ikashushwa daraja. Januari akamfukuza Kalisti siku hiyohiyo, kosa: kukosa uzalendo wa klabu. Febronia akatandika gunia palepale nje ya geti, akamkalisha, wakaanza kuuza karanga.

Mechi iliyofuata, kwa kumwogopa kamisaa, wachezaji walipita getini wote, hatua mbili kutoka kwenye lile gunia. Mganga alishafukuzwa, na katazo lake liliondoka naye. Evance alitangulia, shingo imenyooka. Wengine wakafuata.

Hakuna aliyegeuka.