Bega Langu na Mlango wa Bafu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilinuka kuliko beberu wa mama yangu, na beberu yule alikuwa anajulikana kijiji kizima. Usicheke, utatonesha hilo bega lako lililopasuliwa.

Nilikuwa nimeoa juzijuzi. Nikapanda mparachichi hapo kihambani, kwenye migomba nyuma ya nyumba, tawi likanitupa, bega likavunjika, nikapasuliwa hospitali kule Moshi mjini. Nesi akaniambia kidonda kisiguse maji, mkono nisiuinue, ila kwapa lioshwe kila siku. Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Nilipofika nyumbani mke wangu akachemsha maji, nami nikamfungia mlango wa bafu. Mwanamume mzima niogeshwe kama mtoto! Nikawa nanawa uso na miguu, kwingine najipulizia manukato. Kwapa la mkono uliofungwa likaloa jasho, likachubuka, likawasha mpaka usingizi ukanikimbia. Nikazidisha manukato.

Basi akaja shangazi yangu kutoka Kiboriloni, mama asiyejua kunong'ona. "Shikamoo, shangazi." Badala ya marahaba akaziba pua. "Kha! Beberu mmemhamishia sebuleni?" Mke wangu akainama kuficha kicheko. Shangazi akanivua shati, akaona wekundu unavyopanda kuelekea kwenye kidonda. Hapo utani ukaisha.

"Kidonda hiki kikioza, mkono huu hautashika jembe tena. Ulipozaliwa, nani alikuogesha? Na ukifa, utajiogesha? Sasa hapo katikati aibu ya nini?"

Nikaufungua mlango wa bafu, mwanangu. Nikainama kidogo mbele, mkono ukaning'inia wenyewe, mke wangu akapitisha kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni, akanikausha taratibu. Loo, raha niliyoisikia! Kesho yake shangazi akanirudisha hospitali mwenyewe, nikapewa dawa, na mkono ndio huu, mpaka leo unakata majani ya ng'ombe.

Kwa hiyo nisikilize. Mficha uchi hazai. Usimfiche mwili wako anayekupenda. Shati livae kwa mkono mgonjwa kwanza, na ukilivua, mkono huo uwe wa mwisho. Kwapa likauke vizuri kabla hujafungwa tena. Ukiona wekundu au usaha, rudi hospitali, usingoje shangazi.

Mungu akuponye, akujalie kuwabeba watoto wako kwa mkono huo kama nilivyokubeba wewe kwa huu. Haya, inuka. Mkeo ameshachemsha maji, na ule mlango usiufunge.