Ubao Nyuma ya Godauni

Haya, watu wangu wa mbolea! Kujeni karibu, wekeni simu chini, hata wewe wa nyuma unajifanya unafunga kamba ya viatu. Nakumbuka mchana mmoja nikiwa kijana kama nyinyi, kifua kama mlango ya godauni, akili kama ya kuku.

Nilikuwa kwa kiwanda hii hii ya mbolea, kando ya ziwa. Tangi ya amonia ilikuwa kubwa kuliko kanisa, na bomba yake ilikuwa na ufa. Fundi akaifunga na tyubu ya baiskeli. Tyubu ya baiskeli, yawa! Kila mwezi tulifanya mazoezi ya hatari: king'ora inalia, tunatembea polepole mpaka kwa ubao ya kukusanyikia nyuma ya godauni, majina yanaitwa, tunarudi kunywa chai. Kila mara asubuhi, juu meneja alipenda kumaliza mapema.

Mama Akoth, aliyekuwa anaanika omena, wale dagaa wa ziwa, nje ya geti ya upande wa maji, akamwambia meneja, "Bwana, asubuhi upepo inaenda ziwani. Mchana inageuka, inatoka ziwani inaenda kwa ubao yenu. Hawa watoto unawapeleka kwa sumu."

"Mama, wewe ni injinia?"

Tulicheka. Mimi ndiye nilicheka zaidi, mwanangu, mpaka kofia ikaanguka. Hiyo kicheko bado inaniuma.

Siku moja saa tisa mchana, tyubu ikapasuka. King'ora ikalia, na sisi watiifu kama watoto wa sande skul tukaenda kwa ubao. Wingu nyeupe ikatufuata huko huko. Nililia machozi ya kujaza karai, nikakohoa mpaka samaki wa Uganda wakasikia. Mama Akoth akapiga nduru, "Kateni kando! Kujeni huku kwa ziwa!" akiturushia leso zimelowa maji tufunike pua. Rafiki yangu Ochola alibaki pale akiita majina, vile alifundishwa. Jicho lake la kushoto halijaona tena.

Na jana nimepita hapo, nikakuta ule ubao umepakwa rangi mpya. Pahali pale pale! Hii ni ujinga ama ni dharau?

Mwanangu, bomba ikifungwa na kiraka, kataa kuifungulia amonia. Mazoezi ifanywe asubuhi na mchana. King'ora ikilia, angalia kwanza upepo inaelekea wapi, kata kando, halafu zunguka mpaka ikupige uso ikiwa safi. Na mwanika omena akiongea, funga mdomo usikie. Mungu awachungie macho na mapafu, mzeeke mpaka mchoshe wajukuu na hadithi.

Hata sijasema amina, msichana mmoja wa stoo akaruka kutoka kwa kiti: "Mzee, maombi baadaye! Jembe iko wapi, tung'oe huo ubao?"