Kikohozi cha Hajati

Mama yangu aliuza masufuria Katwe, mbele ya karakana ambamo mafundi hugonga mabati kutwa nzima, na sauti yake ilizishinda nyundo zote. Mteja akiwa ng'ambo ya barabara alisikia bei, akasikia pia maoni ya mama kuhusu ubahili wake. Basi aliporudi hija hana sauti, ana kikohozi tu, mtaa mzima ulifurahi.

Kweli ulifurahi. Kwetu, hajati anayerudi bila kukohoa hutiliwa shaka kidogo, kana kwamba aliishia uwanja wa ndege wa Entebbe. Wageni walikaa mkekani wakinywa zamzam kwa vikombe vya kahawa, na mama akikohoa waliitikia, "Mashallah!" Mimi, msomi wa chuo kikuu, nilikuwa mbaya kuliko wao. Kazini nilitangaza kwamba kikohozi cha mama yangu ni cha Mina kabisa, cha kwenye mahema ya mahujaji.

Kisha homa ikapanda, kifua kikaanza kupiga filimbi, na kila pumzi ikamchoma ubavuni. Nilimpeleka kwa daktari. Akamsikiliza mgongoni, akasema vikohozi vya mahujaji mara nyingi hupona vyenyewe, lakini hiki kilikuwa kimeshuka kwenye mapafu. Akampa vidonge vya antibayotiki na kumwonya avimalize vyote, hata akijiona mzima. La sivyo, asahau kushindana na nyundo.

Nyumbani mama aliiweka pakiti kwenye sinia, kando ya tende, asije akaisahau. Lakini watu wanajua kwamba kilicho kwenye sinia la hajati kimetoka Makka, na kilichotoka Makka hugawiwa. Mama mkubwa, dada yake mama, ndiye aliyenyoosha mkono kwanza.

"Nipe viwili, mdogo wangu. Mafua yananiua."

"Hivi si vya Makka, Dada. Ni vya duka la dawa hapo chini."

"Unanidanganya na hija bado mbichi!"

Jirani yetu Mkongo, muuza vitenge, naye akasogea. "Mama Hajati, miye ni mukristo, lakini unipe kamoja. Dawa haiulizake dini."

Nikaona huu ndio wakati wa elimu yangu. Nikaeleza kwamba dawa hii haigusi virusi vya mafua, na kwamba ikimegwamegwa huwafundisha bakteria ujanja. Mama mkubwa akanitazama kuanzia viatu hadi miwani.

"Tulikusomesha uje kutunyima dawa?"

Mkeka mzima ukaangua kicheko. Mama pia alicheka, akashikwa na kikohozi, akainama ameshika ubavu. Safari hii hakuna aliyesema mashallah.

Nilikuwa na hakika atagawa. Hajawahi kumrudisha mtu mikono mitupu. Kabla ya hija, vidonge vilivyobaki kwetu vilizunguka mtaani kama chumvi ya kuazimana. Na akinyima, watu watasema hija imemfanya mchoyo.

Akaitoa tasbihi mkononi, ile aliyojinunulia mwenyewe Makka na aliyokuwa akilala nayo, akaiweka kiganjani mwa dada yake.

"Hii ndiyo ya Makka. Vidonge nimeandikiwa mimi. Wewe nenda nawe ukasikilizwe kifua."

Kisha akameza chake mbele yao wote, kwa maji ya kawaida.

Mama mkubwa aliondoka na tasbihi na hasira, na sifa ya uchoyo ikafika hadi soko la Kikuubo kabla ya magharibi. Mama hakujali. Aliendelea kumeza hata homa iliposhuka, hata mimi, mhadhiri wa bakteria, nilipopata mafua na kuanza kuitupia pakiti jicho. Aliliona lile jicho. Akaihamishia chini ya mto.

Vidonge vilipokwisha na kifua kikanyamaza, alirudi dukani. Siku moja nilipita Katwe na wenzangu wa kazini, wale wale niliowachosha na habari za kikohozi. Mafundi walikuwa wakigonga kwa nguvu zao zote, na juu ya nyundo zao ikapanda sauti:

"Wewe mwenye tai! Hiyo sufuria unainunua au unaiposa?"

Wenzangu wakageuka kutafuta ilikotoka. Nikawaambia, bila kuulizwa, "Yule ni mama yangu."