Mlango Unafungika

Nilianza kumchukia kwa sababu ya viatu vyake. Mawe yetu meusi ya Goma yanakula kila kiatu, lakini vyake vilirudi biro, ofisini kwetu, jioni kama vilivyotoka dukani. Alikuwa wa umri wangu. Alikuwa amesoma chuo kikuu katika mji ambao hakuna mtu aliyeukimbia, mimi nilikuwa na diplome ya sekondari niliyoikimbiza kutoka mji wetu wa Kiwanja ndani ya kitenge, pamoja na mtoto. Shefu wa biro alimwita Madmwazeli. Mimi aliniita mama. Na yeye pia akaniita mama, kwa heshima kabisa, na ile heshima ndiyo iliyoniumiza zaidi.

Biro yetu ilikuwa chini ya bunge la jimbo. Wabunge walipotaka kujua kama mradi fulani umewafaa watu au umebaki kwenye karatasi, walitutuma sisi. Tunakwenda, tunauliza, tunatazama, tunaandika rapo, yaani ripoti. Mwaka ule walituma tukatazame vyoo vya wanawake katika kambi ya wakimbizi wa vita, Kanyaruchinya. Mradi ulikuwa umeahidi kwamba kila choo cha mwanamke kitakuwa na mlango wa kufungwa.

Mimi niliijua kambi ile. Nilikaa mule chini ya bashi, hema la turubai, miezi mingi kabla sijapata kazi, na mdogo wangu wa kike alikuwa bado yupo mule. Nikafikiri, hapa sasa watanihitaji. Lakini sheria ya biro inasema kabla ya kuanza, kila mtu aandike kama ana ndugu kwenye jambo linalokaguliwa. Nikaandika ukweli: nina mdogo wangu. Shefu akasoma, akatikisa kichwa, akasema nimefanya vizuri kusema, na kwa sababu hiyo sitauliza maswali. Madmwazeli ndiye atauliza. Mimi nitamwonyesha njia na kupanga fishi, zile karatasi za maswali na majibu. Kwa hiyo yeye asiyemjua mtu hata mmoja mule ndani alionekana safi, na mimi niliyejua kila bashi nikaonekana nina doa. Nilikwenda chumba cha makabati, nikakamua maziwa ya mtoto yaliyokuwa yamelowanisha blauzi, nikalia kwa hasira.

Swali kwenye fishi lilikuwa kwa Kifaransa. Yeye aliligeuza kwa Kiswahili: “Mulango inafungika?” Alikwenda choo hadi choo, mama hadi mama, na kila mama akamjibu, “Inafungika.” Akaandika ndiyo, ndiyo, ndiyo, kwa mwandiko mzuri wa kuniudhi.

Na hawakumdanganya. Milango ilifungika. Lakini komeo lilipigwa misumari upande wa nje, ili watu wa komite ya usafi waweke kadenasi, kufuli lao, na kutembea na ufunguo. Ukiwa ndani huna kitu cha kujifungia. Unachuchumaa mkono mmoja umeshika ubao, na ukiwa na mtoto mgongoni, Mungu akusaidie. Mimi nilijua. Sikusema.

Saa sita Madmwazeli alibanwa. Aliona haya kuniuliza, nami nilifurahi kumwona akiona haya. Nikampeleka choo cha karibu. Akaingia, akavuta mlango, mlango ukarudi. Akavuta tena. Halafu nikasikia sauti yake, ndogo, tofauti na ile ya biro.

“Mama, unishikie mulango kidogo.”

Nikaushika. Niliuegemea kwa mgongo, nikawaza: sasa ameona, sasa atafuta zile ndiyo zake zote. Akatoka, akanawa mikono, akanishukuru, akamwendea mama aliyefuata kwenye foleni. “Mulango inafungika?” Yule mama akamtazama, akanitazama mimi niliyeshika ubao bado, akasema inafungika.

Hapo ningesema. Nilikuwa na mdomo. Lakini niliwaza siku ya kusoma rapo mbele ya komisheni ya bunge. Mbunge mmoja wa kule kwetu alikuwa na ndugu kambini, angejua. Nilimwona Madmwazeli amesimama na vile viatu, mbunge akimuuliza kama amewahi kuingia kwenye hivyo vyoo. Niliitaka ile siku kama mtu anavyotaka nyama. Nikanyamaza, tukapanda moto, pikipiki za abiria, tukarudi mjini.

Wiki iliyofuata nilipewa kazi ya kuhakiki. Katika biro yetu rapo haitoki kabla mtu ambaye hakuiandika hajashika kila sentensi, akatafuta fishi inayoibeba, akaweka alama na herufi za jina lake pembeni. Sentensi isiyo na fishi inakufa. Mimi, kwa sababu sikuuliza swali hata moja, nilifaa. Nikafika kwenye sentensi yake: milango yote ya vyoo vya wanawake iliyotazamwa inafungika. Nikachukua fishi. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Kwa sheria ilikuwa kamili. Hakuna ambaye angeweza kunilaumu. Nilichotakiwa ni kuweka herufi mbili tu, na yeye angekwenda mwenyewe kwenye aibu yake.

Sikuziweka siku hiyo. Ilikuwa Ijumaa, nikasema nitamaliza Jumatatu.

Jumapili baada ya misa nilikwenda kambini na mtoto. Nilimkuta mdogo wangu midomo imekauka. Nikampa maji, akakataa. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema haumwi, amezoea kutokunywa tangu saa sita ya mchana, ili asiende chooni jirani yake akiwa hayupo, maana huyo ndiye anayemshikia mlango. Siku moja alikwenda peke yake, mwanaume akaufungua, akasimama pale akimtazama na kucheka. Alinisimulia huku akisuka nywele za mtoto wangu, bila kuinua macho.

Nikamuuliza kwa ukali mbona walijibu kwamba mlango unafungika.

“Yaya,” akasema, kama kwetu tunavyomwita dada mkubwa, “aliuliza kama inafungika. Inafungika. Asingeuliza hivyo, tungemujibu ingine.”

Nilirudi mjini nimekasirika, sijui hasira ya nani. Yeye aliuliza vibaya kwa sababu hakujua. Mimi nilijua, nikamwacha. Nilikuwa nauza haja ndogo ya mdogo wangu mwenyewe ili nimwone mwanamke mwingine anaaibika.

Jumatatu sikuweka herufi. Ushahidi wangu haukuruhusiwa, nilishaandika kwamba nina ndugu. Lakini mwenye kuhakiki anaruhusiwa kuuliza. Pembeni mwa ile sentensi nikaandika kwa stilo, kalamu yangu nyekundu: “Ni nani alikushikia mlango?”

Nilimtazama akisoma. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali, nilikuwa na yangu tayari. Aliweka karatasi chini, akaziba uso kwa mikono. Kisha akasimama akaenda kwa shefu, akamwambia swali lake halikuwa zuri na fishi zote za milango zirudiwe. Alijishtaki mwenyewe, mlango wa ofisi ukiwa wazi. Hata hilo nilimwonea wivu. Mimi nisingeweza.

Alirudi Kanyaruchinya, siku mbili, na swali jipya: “Ukiwa ndani, unaweza kujifunga?” Fishi zikajaa hapana.

Mbele ya komisheni nilikaa nyuma, mtoto mapajani kwa sababu mlezi hakuja. Yule mbunge wa kule kwetu alisema amesoma rapo nyingi, lakini hajaona swali zuri kama hilo, swali la mtu anayewajua wanawake. Madmwazeli aligeuka kunitazama. Akafungua mdomo. Shefu akamwahi, akasema katika biro yetu kazi ni ya wote na rapo haina majina. Ni kweli, haina. Wakampigia makofi Madmwazeli.

Baada ya muda makomeo yalihamishwa ndani. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo, nyundo na misumari. Nilikwenda kuona Jumapili moja. Mdogo wangu aliingia chooni, na mimi bila kufikiri nikaenda kuegemea ubao kama zamani.

“Yaya, acha,” akasema kutoka ndani. “Niko nimejifunga.”

Nikasogea. Nilisimama pale juani kama mtu aliyefukuzwa. Alipotoka alikunywa kikombe kizima cha maji, akaomba kingine, akafuta mdomo.

“Yule madmwazeli wenu wa viatu,” akasema. “Umwambie asante sana. Ule mutu iko na akili.”

Nikamjibu nitamfikishia. Meza yake iko mbele ya yangu, tunaonana kila asubuhi, na mpaka leo sijamfikishia.