Kamba Sita za Léocadie

Saa nne asubuhi Léocadie alivuta kamba mara ya kwanza, kwa upole. Halafu kwa nguvu. Hakuna fundo lililofunguka, na mteja alikuwa anakuja saa nane.

Ana miaka arobaini na mmoja, mzaliwa wa Uvira, mama wa Shekinah. Kwa miaka tisa alisuka nywele ugenini, kando ya barabara ya Jules Street, akikunja kiti kila polisi walipopita. Leo anamaliza wiki mbili za majaribio katika karakana ya Firmin, Mkongo mwenzake, anayetengeneza nakala za zana za kale kwa ajili ya makumbusho. Zana yake ikikubaliwa, anabaki. Ikikataliwa, anarudi barabarani.

Zana yenyewe ni ya Wainuiti, watu wa nchi za barafu za kaskazini: vipande sita vya mfupa, kila kimoja kwenye kamba yake, kamba zote zikikutana kwenye kishada cha manyoya. Mwindaji huirusha katikati ya kundi la bata, kamba zikatawanyika na kumfunga ndege mabawa. Akiwa anatembea, huzifupisha kwa mafundo yanayofunguka yote kwa mvuto mmoja, maana bata hawamsubiri mtu.

Léocadie alikuwa amesuka kamba za nailoni, akafunga mafundo, kisha akafanya anachofanya kila mara akimaliza rasta: akazitumbukiza kwenye maji ya moto. Zikatoka nadhifu, na mafundo yakashika moja kwa moja.

Firmin aliyageuzageuza. “Mama Shekinah, umewasukia bata rasta. Wapeleke harusini.”

Léocadie alikata kamba zote, akaanza upya akiwa amesimama, akihama mezani kwenda dirishani na kamba ikining'inia menoni. Chakula hakugusa.

Thérèse, yule mteja, anayefundisha watoto kwenye makumbusho, alifika kabla ya wakati. Uani alivuta. Mafundo matano yakaachia, la sita likabaki. Alisema si neno, watoto hawatajua.

“Bata atajua,” alisema Léocadie, akamnyang'anya zana mkononi. Aliyafunga yote upya na kumrudishia.

Mvuto mmoja. Mifupa sita ikaanguka kwa pamoja.

Thérèse alipoondoka nayo, Firmin hakumpongeza Léocadie. Alimwonyesha mchoro wa mkuki wa kuwindia ndege wenye meno matatu ubavuni, akasema wataanza nao Jumatatu saa mbili. Léocadie aliuliza kama saa moja mlango unakuwa wazi.